Gari la Viti Viwili kwa Hesabu ya Kiwandani

Kazi yake ni kujibu swali ambalo kila mteja huliuliza akiwa ameshaanza kukunja uso: itagharimu kiasi gani? Anakaa katika chumba chembamba kati ya mapokezi na ukumbi wa mashine. Ukuta mmoja ni wa kioo, na kupitia kioo hicho anaiona mashine kubwa ya kuchapa ikitetemeka kama mtu mwenye homa. Mteja akija na kazi yake, iwe vitabu vya stakabadhi, kalenda au kadi za mwaliko, yeye ndiye anayempokea. Anapima karatasi, anahesabu rangi, anauliza jalada litakuwa gumu au laini, halafu anaandika bei chini ya ukurasa na kuugeuza ukurasa ule taratibu upande wa mteja, maana anajua kwamba bei ikitamkwa kwa sauti huonekana kubwa zaidi. Kiwandani wanamwita Makadirio. Jina lake halisi limebaki kwenye hati ya mshahara, na hata mhasibu hulitafuta kwa kidole.

Ana miaka thelathini na mmoja. Anaishi na mama yake mdogo, hana deni na mtu, na kwa miaka sita alikuwa akiweka akiba ya gari lake la kwanza. Waliomfahamu wote walijua litakuwa gari gani: dogo, jeupe, la milango minne, lisilo na tamaa ya mafuta, la aina ambayo vipuri vyake hupatikana hata kwenye duka la sabuni. Yeye mwenyewe alijua hivyo. Alikuwa na leseni ya miaka miwili ambayo haijawahi kutumika nje ya gari la shule ya udereva, na picha ya gari jeupe aliyoikata kwenye tangazo walilolichapa wao wenyewe.

Kilichomvuruga kilimfuata kazini kwa magurudumu yake.

Asubuhi moja alikuja mzee mrefu aliyetaka kuchapisha vijitabu vya sheria za mpira wa miguu. Alikuwa mwamuzi mstaafu, siku hizi akifundisha waamuzi vijana, na mji mzima ulimwita Kipenga. Makadirio alikuwa anahesabu kurasa zake alipotupa jicho nje na kumwona mlinzi wa geti ameinama, mikono magotini, anachungulia kitu kilichokuwa karibu na ardhi. Mlinzi yule hainuki kitini kwake hata kwa mkurugenzi.

"Anaangalia nini?" Makadirio akauliza.

"Gari langu," Kipenga akajibu. "Kila mtu anainama. Limenifundishia watu adabu."

Makadirio akaacha kalamu, akatoka naye.

Lilikuwa gari la michezo la viti viwili, lenye umri unaokaribia wake. Paa lake lilimfikia kifuani. Wekundu wake ulikuwa umepauka kwenye bonneti na kubaki mzito milangoni, na kwa jicho la kiwandani aliona papo hapo kwamba jua lilikuwa limekula wino wa waridi ulio ndani ya wekundu na kuacha ule wa njano. Alilizunguka mara mbili. Akauliza mbona halina taa za mbele. Kipenga aliingiza mkono dirishani akabonyeza kitufe, na vifuniko viwili vikanyanyuka kutoka kwenye bonneti, taa zikachomoza. Ya kulia iliruka mara moja. Ya kushoto ilijivuta, ikasita katikati, kisha ikafunguka kama jicho la mtu aliyeamshwa bila hiari yake.

Makadirio alicheka kwa sauti. Wafanyakazi wawili wa mashine walitoka mlangoni kuona nani amecheka, maana hawakuitambua ile sauti.

"Zinafungwaje?"

"Vilevile. Bonyeza."

Akabonyeza. Akabonyeza tena. Akauliza kwa nini ya kushoto inachelewa, kwa nini gari limejengwa chini namna ile, maji ya mvua yanapita wapi, na injini iko mbele au nyuma. Kipenga alijibu alichokijua na kukiri asichokijua. Halafu yeye mwenyewe akaleta habari ya kuuza.

"Goti," alisema, akiligonga. "Kuingia naingia. Kutoka ndiyo kesi. Juzi nilimpelekea mwalimu mmoja alione, nikatoka kwa magoti na mikono mbele ya wanafunzi mia tatu. Wakapiga makofi."

"Unauza kiasi gani?"

Kipenga akataja. Makadirio akaomba arudie. Ilikuwa theluthi mbili ya bei ya gari jeupe.

"Mbona rahisi hivyo?"

"Uliza vizuri, binti yangu. Hilo ndilo swali." Akaongeza kwamba yupo mchuuzi wa vipuri anayelitaka alikate vipande auze kimoja kimoja, na kwamba atakuja na lori lake mwisho wa mwezi. "Mimi nisingependa. Lakini siwezi kumpa mtu gari litakalomfilisi, kisha nikutane naye sokoni ananitazama."

Jioni ile Makadirio alimweleza mama yake mdogo. Mama mdogo ana biashara ya kukodisha viti vya shughuli. Nyuma ya nyumba ana banda la mabati lenye mlango wa chuma na kufuli mbili, na humo ndani viti vyake vya plastiki vimepandana hadi darini. Alikuwa uani anavipangusa.

"Lina milango mingapi hilo gari?"

"Miwili."

"Na viti?"

"Viwili."

Mama mdogo akaweka chini kitambaa. "Mwanangu, mimi nina viti mia mbili hapa, na vyote vinakalika. Wewe akiba ya miaka sita unakwenda kununua viwili?"

"Vina springi, mama mdogo."

"Havina miguu lakini. Umesema mtu anakaa chini kama anafua."

Hapo ndipo Makadirio alipotamka neno ambalo baadaye lilimsumbua. Alisema gari lile litakuwa la kwendea kazini. Alisema nauli ya basi kila siku, asubuhi na jioni, ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, na kwamba ameshaanza kuipigia hesabu. Mama mdogo akageuka kulitazama banda. Yeye ni mtu wa kazi na hutoa heshima kwa chochote kinachokwenda kazini. Mwishowe akasema kama ni hivyo, viti sitini vitahamia kwa jirani na gari litakaa bandani, kwani gari kuukuu likilala mvuani litaoza. Makadirio alimshukuru mpaka mama mdogo akamwambia basi, inatosha, ashike kitambaa.

Kisha akakaa kufanya makadirio.

Msomaji asiyewahi kuingia kiwandani anahitaji kuelezwa jambo moja. Katika uchapaji nakala ya kwanza ndiyo ghali. Kabla karatasi moja haijatoka, mtu ameshalipia kupanga kurasa, kutengeneza mabamba ya kuchapia, kufunga mashine, kuchanganya wino na kuharibu karatasi za majaribio. Gharama hizo hulipwa mara moja. Baada ya hapo mashine hukimbia, na kila nakala inayoongezeka inazipunguzia uzito nyingine zote. Ndiyo maana mteja akitaka vitabu hamsini, Makadirio humshauri achukue mia tano, na mteja huondoka akidhani amepewa zawadi. Kwa miaka tisa hesabu hiyo haijamwangusha.

Akalihesabu gari hivyohivyo. Juu kabisa aliandika maandalizi: bei ya kununua, matengenezo ya mwanzo, bima, usajili, na rangi mpya nyekundu, ile yenye waridi ya kutosha. Akaongeza kumi katika mia kwa ajili ya uharibifu, kama anavyofanya kwa kila kazi. Akagawanya kwa safari. Safari za mwezi mmoja zilitoka ghali kupindukia. Za mwaka, nafuu kidogo. Za miaka mitano, kwenda na kurudi kila siku ya kazi, kila safari ilishuka ikawa chini ya nauli ya basi. Alihakiki mara mbili. Ilikuwa wazi: kadiri atakavyoliendesha sana, ndivyo litakavyokuwa rahisi. Alilala na furaha ya mtu aliyeona mlango ambao wenzake wameupita bila kuuona.

Jumamosi iliyofuata, kwa ruhusa ya Kipenga, gari likapelekwa kukaguliwa. Fundi alikuwa na gereji ya paa la makuti ya plastiki kando ya barabara, na aliitwa Pole, kwa kuwa hilo ndilo neno ambalo kila mteja hulisikia kabla ya kutajiwa bei. Alilipandisha gari kwenye jeki, akaingia chini na taa, akatoka baada ya muda mrefu akiwa na vumbi kwenye nyusi.

"Bodi safi," alisema. "Kutu kidogo chini ya mlango. Injini nzuri, mzee aliitunza. Ila pole, dada."

"Pole ya nini?"

"Ya mipira ya chini na ya injini. Imechoka."

Akamwonyesha. Akafungua hiki na kile, akaviweka juu ya meza ya mbao: mkanda wa ndani ya injini, bushi za mpira za magurudumu ya mbele, mabomba ya maji, pampu, pedi za breki. Mteja mwingine angeuliza jumla ni kiasi gani na kwenda zake. Makadirio aliuliza juu ya kila kitu peke yake.

"Huu mkanda unaishi muda gani?"

"Hauhesabiwi muda, unahesabiwa kilomita. Zikifika, unautoa hata kama unang'aa. Ukikatika, injini inajipiga yenyewe ndani kwa ndani. Hapo hata mimi sikwambii pole, nakupa mkono wa rambirambi."

"Na hizi bushi?"

"Kilomita."

"Pedi?"

"Kilomita. Na kwa barabara zetu hizi, nusu ya hizo kilomita."

"Klachi?"

"Dada, wewe ni wa bima au?"

"Klachi?"

"Foleni ndiyo inayoua klachi. Asubuhi na jioni kanyaga, achia, kanyaga, achia. Ya gari kama hili haipo mjini. Inaagizwa. Miezi mitatu, saa nyingine minne, gari limekaa juu ya matofali linakutazama."

Makadirio alichukua ile bushi iliyopasuka akaizungusha mkononi. Pole anasimulia kwamba alifikiri mteja wake anataka kulia, akaanza kumtafutia kiti. Lakini hakuwa analia. Alikuwa ameliona kosa lake, na lilikuwa kosa zuri kiasi kwamba alitaka kulitazama vizuri kwanza.

"Kila nakala inakula bamba jipya," alisema.

"Nini?"

"Nilidhani nikishalipa mwanzo, nimemaliza, kinachobaki ni kukimbiza mashine. Kumbe hii mashine inajila yenyewe. Nikiendesha mara mbili zaidi, nalipa mara mbili zaidi. Haishuki. Inapanda!"

"Sasa ulidhani gari la zamani linakuwa rahisi ukilikimbiza?"

"Ndiyo."

Pole akaangua kicheko, akajishika kiuno, akamwita mwenzake wa kuchomelea aje asikie. Makadirio alicheka pamoja nao. Halafu akasema, "Kwa hiyo rahisi kabisa ni kulinunua na kutoliendesha."

"Aa, usithubutu!" Kicheko kikakatika. "Likilala ndiyo linakufa kabisa. Tairi zinapasuka zikiwa zimesimama. Sili za mpira zinakauka, oili inavuja. Petroli inaharibika, betri inazimika. Mimi nimeona gari lililofunikwa shuka miaka minne, mwenyewe anajisifu kwamba amelitunza. Lilinigharimu... lilimgharimu mara mbili ya lililogongwa."

Makadirio akaiweka bushi mezani. Ukiendesha sana, unalipa. Usipoendesha, unalipa. Basi katikati kuna mahali. Alimuuliza Pole ni wapi. Pole akakuna kichwa, akasema hilo hajawahi kuulizwa, wateja wake wanajua sehemu mbili tu, barabarani na gereji, kisha akaanza kuvirudishia vile vipuri ili gari lirudi kwa mzee.

Mwezi ulikuwa unakwenda ukingoni. Kwa siku kadhaa Makadirio alifanya kazi za wateja asubuhi na kuwaza gari wakati wa chakula, akitafuna bila kuangalia anachotafuna. Alichokuwa nacho kilikuwa akiba ya kutosha kununua na kutengeneza, na sehemu ya mshahara isiyozidi moja ya tano baada ya kuchangia nyumba. Alipoweka safari za kazini za kila siku, moja ya tano ile ilipasuka vibaya. Alipoweka miezi mitatu ya kungoja klachi huku akilipa nauli juu ya bima, ilipasuka zaidi. Gari jeupe lingetosha bila jasho. Mtu mwingine angeishia hapo. Yeye alikwenda nyumbani kwa Kipenga kuuliza swali moja.

Alimkuta mzee barazani, goti juu ya stuli.

"Mzee, ulikuwa unaliendesha mara ngapi?"

"Jumapili."

"Jumapili zote?"

"Zote. Dakika tisini." Aliona anavyotazamwa, akajieleza kwa utulivu wa mtu anayesoma sheria. "Arobaini na tano kwenda. Mapumziko, nalifungulia bonneti lipumue, na mimi nakunywa soda. Arobaini na tano kurudi."

"Na dakika za nyongeza?"

"Kama njia imefungwa tu."

"Siku ulipokuja kiwandani haikuwa Jumapili."

"Ile ilikuwa biashara. Nilitaka watu waliinamie." Kipenga akacheka mwenyewe, kisha akawa mzito. "Sikupanga kwa hekima yoyote, usinipe sifa za bure. Nilikuwa nimezoea dakika tisini. Baada ya kustaafu mwili ulikuwa bado unazidai. Gari likazoea nami."

Makadirio alipiga hesabu palepale kwa vidole. Dakika tisini kwa wiki, barabara ya nje ya mji isiyo na foleni. Injini inapata joto la kutosha, sili zinalowa, tairi zinazunguka, betri inajaa. Na kilomita za mwaka mzima ni chache kiasi kwamba ule mkanda ungemaliza miaka mingi. Mzee, bila kujua, alikuwa amekaa mahali pa katikati.

"Chukua funguo," Kipenga akasema.

"Mimi?"

"Unalipigia hesabu mwezi mzima hata hujalikalia. Na mimi nitapanda. Kunitoa ni kazi yako."

Kulikalia kulimshangaza. Miguu ilinyooka mbele kama kitandani, na usukani mdogo ulimjia kifuani. Gia yake ilikuwa fupi kama kidole gumba, na ilikubali kwa mlio mdogo mkavu. Barabarani magurudumu ya malori yalikuwa usawa wa macho yake, akawa anasoma maandishi ya tairi zao. Gari lilimzimikia mara mbili kwenye makutano, na nyuma yao mtu akapiga honi ndefu. Kipenga alinyoosha mkono dirishani kama anayeonyesha kadi. Walipotoka nje ya mji, Makadirio aliingiza gia ya nne na injini ikabadilisha sauti, ikashuka kutoka kwenye kelele ikawa kitu kizito na cha mfululizo. Alitaka kujua ni nini kimebadilika. Akarudisha gia ya tatu kusikia tofauti. Akaingiza tena ya nne.

"Unafanya nini?" Kipenga akauliza.

"Nasikiliza."

"Haya, sikiliza. Lakini angalia na mbele."

Makadirio mapya yalikamilika haraka. Alifuta safari za kazini. Aliandika Jumapili, na kwa kila kilomita akaweka fungu la kuweka kando siku hiyohiyo akirudi, ili bushi na mkanda viwe vimeshalipiwa kabla havijachakaa. Alikwenda ofisi ya bima. Karani alimtazama, akatazama aina ya gari, akataja kiwango kilichomfanya Makadirio aombe arudie. Akamuuliza kiwango hicho kinashushwa na nini. Karani akasema, kwa sauti ya mtu asiyeulizwa mara nyingi, kwamba kinashuka kwa kilomita chache na kwa gari kulala mahali penye paa na kufuli. Atatuma mtu kuhakiki. Makadirio akaandika hayo yote, na kwa mara ya kwanza moja ya tano ya mshahara ikatosha, kwa shida, kama mguu katika kiatu kipya.

Ilitosha kwa sharti moja tu. Gari lisiende kazini kabisa. Na kila kitu kilisimama juu ya banda ambalo mama mdogo alilitoa kwa sababu gari lilikuwa la kazini.

Mwezi ulikuwa umebakiza siku moja. Mchuuzi wa vipuri alikuwa ameshapiga simu kwa Kipenga kuuliza kama barabara ya kwake inapitisha lori. Makadirio alirudi nyumbani, akambadilishia mama mdogo ndoo ya maji, akapangusa viti kumi bila kuombwa.

"Sema," mama mdogo akasema.

"Nini?"

"Wewe ukipangusa bila kutumwa, kuna jambo. Sema."

Akamweleza yote, hakumung'unya. Jinsi alivyohesabu vibaya, mipira, klachi, Jumapili. Mama mdogo alisikiliza akiendelea kupanga viti, kimoja juu ya kingine, mpaka mnara ukampita urefu.

"Kwa hiyo si la kwendea kazini."

"Si la kwendea kazini."

"Na kazini utakwenda na nini?"

"Basi. Kama sasa."

"Gari litakuwa humu ndani, wewe uko kituoni unangoja basi."

"Ndiyo, mama mdogo."

"La nini basi?"

Makadirio alifungua mdomo. Alikuwa na sababu kadhaa alizoziandaa njiani: kwamba magari ya namna ile hayashuki thamani, kwamba atapata uzoefu wa barabara, kwamba dharura inaweza kutokea usiku. Aliziona moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa za kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Nalitaka tu," akasema. "Nataka kujua linavyofanya kazi. Sina nyingine."

Mama mdogo akageuka. "Hilo neno ulikuwa umelificha wapi mwezi mzima?"

"Nilidhani utakataa."

"Ningekataa!" Akakaa kwenye kiti kimoja, akamwonyesha kingine. "Miaka mitatu ya mwanzo hapa nilikuwa nakuuliza unataka nini sokoni, unasema chochote. Unataka rangi gani ya pazia, yoyote. Nikasema huyu mtoto ameumbwa bila kutaka. Sasa umetaka, umetaka kitu cha kulala chini kama mjusi." Alitikisa kichwa, na Makadirio hakuweza kujua kama anasikitika au anazuia kicheko. "Sikiliza. Kitu cha kazi kinakaa bandani kwangu bure. Cha starehe kinalipa kodi."

"Kodi?"

"Viti sitini vikae kwa jirani, jirani atataka chake. Na vikikaa kwake vitakodiwa na jamaa zake bila mimi kujua. Hasara hiyo nani ataibeba? Mimi?"

"Kiasi gani?"

Mama mdogo akataja. Ndani ya Makadirio kitu cha kiwandani kikaamka.

"Mara ya mwisho viti vyote mia mbili vilitoka lini?"

"Usinihoji kama mteja wako."

"Nauliza tu. Mwaka huu vimetoka vyote mara ngapi?"

"Mara... Acha ujanja. Vinaweza kutoka."

"Mara moja, mama mdogo. Na vilirudi viwili pungufu."

"Basi, nipe nusu ya niliyosema, na unioshee viti kila Jumamosi."

"Nusu, na viti mia."

"Mia na hamsini."

Wakapeana mikono. Nusu ile haikuwemo katika moja ya tano. Makadirio alikaa tena na karatasi yake na kutafuta cha kutoa. Uharibifu wa kumi katika mia hakuugusa, asingeweza kulala. Bima haikatiki, breki hazikatiki. Kilichobaki ni rangi mpya, ile aliyoichagua hata waridi yake. Akapiga mstari juu yake, na fedha yake akaigawa kwa miezi ya kodi. Kodi ikaingia na ikabaki chenji kidogo. Gari litabaki limepauka bonneti.

Asubuhi alikwenda kwa Kipenga na pesa kwenye bahasha ya kiwanda. Mzee alihesabu, akasaini, akamkabidhi funguo na jeki ndogo na soda moja iliyobaki.

"Kesho utawatambia wenzako kazini," alisema.

"Kesho nakwenda kwa basi."

Kipenga akaondoa goti juu ya stuli. "Basi mpigie simu yule wa lori," alisema. "Mwambie asije."

Jumapili ya kwanza baada ya Pole kubadilisha mipira, mama mdogo alijitokeza uani amevaa viatu vya kutokea. Alisema anakwenda kukagua mali inayolala katika jengo lake. Kumwingiza kulichukua muda na kulikuwa na lawama nyingi, kwanza kwa mlango, kisha kwa aliyeliunda gari, mwishowe kwa Makadirio. Alipokwisha kukaa alijipapasa pembeni kutafuta mahali pa kuweka mkoba, akaupakata.

Walipita mitaa ya kwao polepole, watu wakiinama. Wakatoka mjini. Baada ya daraja barabara iligawanyika mara mbili, na Makadirio akapunguza mwendo. Kulia alikujua kidogo, kuna kiwanda cha karatasi. Kushoto hakukujua kabisa. Alisimama kando, injini ikinguruma chini yao, na akagundua jambo lililomshangaza: maisha yake yote hajawahi kufika njia panda bila kuwa ametumwa mahali.

"Tupinde wapi, mama mdogo?"

"Mimi ndiyo dereva?"

"Huko kushoto kuna nini?"

"Nitajuaje? Sijawahi kwenda."

"Basi," Makadirio akasema, akaingiza gia ya kwanza, akawasha taa ya kushoto ingawa hapakuwa na gari lingine mbele wala nyuma.